Kutambua Wimbo kwa Nusu Sekunde: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila watu wanapokusanyika kucheza, iwe barazani Mji wa Kale, uani Kisauni au kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kila jibu linajitosheleza, kwa hiyo anza unapotaka. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mwanzo kabisa

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Mchezeshaji anapiga kipande kifupi mno cha wimbo unaojulikana, na wachezaji wanataja jina la wimbo na mwimbaji. Wakishindwa, anapiga tena kipande kirefu zaidi kidogo, mpaka mmoja apate au ngazi ziishe. Anayepata mapema ndiye anayezoa pointi nyingi.

Mchezo huu una umri. Televisheni ya Marekani ilikuwa na shindano la Name That Tune tangu miaka ya 1950, na katika matoleo ya baadaye washindani waliringishiana nani atautambua wimbo kwa noti chache zaidi. Vijana wengi waliujua kupitia Heardle, uliovuma mtandaoni mwaka 2022. Huo ulianza na sekunde 1, kisha 2, 4, 7, 11 na 16. Spotify iliununua Julai 2022 na ikaufunga Mei 2023. Sisi hapa Mombasa tunakata vipande wenyewe, na ndivyo inavyofaa, maana ukitaka mwimbaji wa taarab kama Zuhura Swaleh awemo mchezoni ni lazima umtie wewe.

Kipande kiwe na urefu gani?

Wanaoanza wape sekunde 2. Wakizoea, sekunde 1, halafu nusu. Chini ya hapo tunahesabu kwa milisekunde, ambazo ziko 1,000 katika sekunde moja: 400, 300, na kwa mafundi 200.

Wimbo wa kucheza wenye mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 500. Kwa hiyo kipande cha milisekunde 400 hakijamaliza hata pigo moja. Mwimbaji akiwa ndani yake, utapata silabi moja au mbili tu.

Kweli yawezekana, au watu wanabahatisha tu?

Yawezekana, na imepimwa. Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha mwaka 2010 utafiti aliowasikilizisha watu vipande vya nyimbo maarufu vya milisekunde 300 na 400. Kwa vile vya 400, katika zaidi ya robo ya majaribio wasikilizaji walitaja jina la wimbo na la mwimbaji, yote mawili.

Kabla yake, mwaka 1999, Glenn Schellenberg na wenzake walishuka hadi milisekunde 200 na 100. Wasikilizaji walipewa orodha ya nyimbo na kutakiwa kuoanisha kila kipande na wimbo wake. Kwa 200 walifanya vizuri sana. Kwa 100, ambayo ni sehemu ya kumi ya sekunde, walipungua, lakini bado waliwashinda wenye kukisia ovyo.

Tunahitaji vifaa gani, na watu wangapi?

Simu au kompyuta, spika, karatasi ya pointi na mtu mmoja asiyecheza wa kuwa mchezeshaji. Watu wanne wanatosha. Wakizidi kumi, gawanyeni timu, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda kila mara.

## Sikio linashika nini

Muda ni mfupi hata noti haijaisha. Basi mtu anatambua nini?

Hili ndilo swali kubwa, na mengi ya chini yanategemea jibu lake. Anachotambua ni rekodi, si wimbo.

Wimbo, kwa maana ya tuni na maneno, unahitaji muda: sauti moja ifuatwe na nyingine, nayo ifuatwe na ya tatu. Ndani ya milisekunde 300 hakuna tuni. Kilichomo ni rangi ya sauti: ala zipi zinalia pamoja, mwimbaji ana koo la namna gani, chumba kilivuma vipi, fundi mitambo alizidisha nini na kupunguza nini. Mchanganyiko huo ulitokea mara moja tu, siku ile ya kurekodi. Sikio lililousikia mara nyingi limeuweka kwa undani ambao mwenyewe hajui kuwa anao.

Chukua rekodi ya Zein l'Abdin inayofunguliwa na udi peke yake. Kabla ya noti ya pili kuna mkwaruzo mdogo, risha ikigusa uzi. Halafu uzi unavuma, na tumbo la udi linaitika chini yake kwa sauti nzito kidogo. Yote hayo yamekwisha kabla hujapepesa jicho mara mbili. Aliyekulia kwenye nyumba iliyopigwa kaseti hizo anainua mkono kwenye mkwaruzo, hangoji mvumo.

Utafiti wa 1999 ulilionyesha jambo hili kwa njia mbili. Vipande vya milisekunde 100 vilipopigwa kinyumenyume, wasikilizaji waliishia kubahatisha tu, ingawa sauti zilizomo ni zile zile. Vipande hivyo vilipoondolewa sauti za juu, ikawa vivyo hivyo. Kumbe sikio linafuata namna sauti inavyochipuka na kugeuka ndani ya kitambo hicho, hasa kule juu kwenye sauti nyembamba.

Mbona nahisi naujua kabisa, lakini jina haliji?

Kwa sababu kutambua na kutaja ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza inamaliza mapema sana. Mwaka 2019 watafiti wa University College London walipima mboni za macho na mawimbi ya umeme ya ubongo kwa watu wanaosikiliza muziki. Wimbo uliozoeleka ulitofautishwa na wimbo mgeni kati ya milisekunde 100 na 300 tu tangu uanze. Jina linatafutwa baadaye, na laweza kuchelewa au lisije kabisa.

Likikukwama, taja unachokijua: ni wa miaka gani, wa aina gani, ni wa huzuni au wa furaha. Krumhansl aliona kuwa hata wimbo usipotambuliwa, wasikilizaji waliafikiana vizuri kuhusu aina yake na hisia yake. Kwa hiyo anayesema "hii ni taarab ya zamani, mwimbaji ni mwanamke" amesikia kitu cha kweli na anastahili chake. Tazama "Pointi zihesabiwe vipi?"

Kwa nini wazazi wetu wanatufunga kwenye nyimbo za zamani? Na mbona mimi najua nyimbo zilizotoka kabla sijazaliwa?

Muziki wa ujanani unashika kuliko wa umri mwingine wowote. Krumhansl na Justin Zupnick waliongeza jambo jingine mwaka 2013: vijana wa miaka kama 20 waliguswa vilevile na nyimbo zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Walizirithi nyumbani.

Huku kwetu urithi huo una njia zake: redio ya jikoni, gari la ami, na zaidi ya yote harusi. Msichana wa Majengo aliyefuatana na mama yake kwenye arusi tangu akiwa mtoto amesikia taarab za Maulidi Juma mara nyingi kuliko anavyodhani, hata kama kwa hiari yake anasikiliza Bongo Flava tu. Mpigie nusu sekunde uone. Ndiyo maana nashauri timu zichanganye rika. Timu ya vijana watupu dhidi ya wazee watupu inageuka ugomvi wa nyimbo za nani zihesabiwe.

Nimeleta spika yenye besi nzito kama ya matatu, na bado watu hawatambui. Kwa nini?

Besi haisaidii. Katika utafiti wa 1999, vipande vilipoondolewa sauti za chini, matokeo hayakubadilika hata kidogo. Viliponyimwa sauti za juu, yaliporomoka. Spika inayotikisa kifua huku ikizifunika sauti nyembamba inakunyima kile hasa unachokihitaji.

Shusha besi, inua sauti za juu, iweke spika kimo cha masikio na iwaelekee watu. Spika ndogo safi inafaa kuliko kubwa yenye ukungu. Funga dirisha la upande wa barabara pia, maana tuktuk moja ikipita imekwenda na duru nzima.

Kuna mazoezi ya kuongeza uwezo?

Yapo, lakini hayaondoi ukweli kwamba rekodi usiyoizoea hutaitambua. Piga sekunde ya kwanza ya wimbo unaoupenda, simamisha, ujiulize: ala ya kwanza ni ipi, ya pili inaingia lini, kuna pumzi ya mwimbaji? Fanya hivyo kwa nyimbo nyingi na utaanza kusikia milango yao.

## Kukata vipande

Nikate sehemu gani ya wimbo?

Mchezeshaji anaonekana ustadi wake hapa. Mwanzo kabisa wa wimbo ndio unaotumiwa na wengi, na kwa nyimbo za siku hizi unafaa, mradi hauanzi na ukimya au sauti ya kinanda inayopanda polepole. Kiitikio ni rahisi zaidi, kwa sababu ndicho kilichosikika mara nyingi.

Mimi napenda pale sauti ya mwimbaji inapoingia kwa mara ya kwanza. Kata kidogo kabla yake, ili ibaki pumzi, kisha silabi ya kwanza. Koo la mtu halifanani na la mwingine, na anayempenda mwimbaji huyo atamjua kwa pumzi tu. Usikate katikati ya vokali ndefu iliyotulia. Hapo sauti haigeuki, na tumeona juu kwamba sikio linategemea mgeuko.

Jaribu kila kipande kwa mtu mmoja ambaye hatacheza. Wewe uliyekikata umeshakijua, huwezi tena kukipima.

Nakata vipi bila kukiharibu?

Programu nyingi za simu zimetengenezwa kwa ajili ya milio ya simu na hazikati kwa usahihi wa milisekunde. Tumia kompyuta na Audacity, ambayo ni ya bure.

Fungua wimbo, kuza mawimbi mpaka uone pale mstari ulionyooka unapoanza kutikisika. Hapo ndipo wimbo unapoanza kweli, kwani faili za MP3 mara nyingi zina ukimya mdogo mbele. Ukimya wa milisekunde 50 hausikiki kwenye wimbo mzima, lakini ndani ya kipande cha 200 umekula robo. Chagua kuanzia hapo, andika urefu unaoutaka, kisha bonyeza herufi Z. Programu itasogeza mipaka ya uteuzi hadi mahali wimbi linapokatiza sifuri, na utaepuka ule mlio wa "tak" unaotokea sauti ikikatwa ghafla. Hifadhi kwa WAV, si MP3.

Faili zipe namba, usiziite kwa majina ya nyimbo. Jina litajitokeza kwenye kioo cha simu, na wenye macho makali wamo.

Spika ya bluetooth inameza mwanzo wa kipande. Nifanyeje?

Spika nyingi za aina hiyo hujilaza zikikaa kimya ili kuokoa betri, na zinapoamshwa sauti ya kwanza hupotea. Kwenye wimbo wa dakika nne hutambui. Kwenye kipande cha nusu sekunde utasikia mkia wake tu, au usisikie kitu.

Waya ndiyo dawa kamili. Usipokuwa nao, weka sekunde 2 za mvumo hafifu kabla ya kila kipande ndani ya faili ile ile, spika ibaki macho. Mvumo huo uwe sawa kwa vipande vyote, usije ukawa dokezo.

Nina kaseti za taarab za marehemu babu. Zinafaa?

Zinafaa sana, na zinahitaji uangalifu. Kwa miaka mingi taarab ya Mombasa ilisambaa kwa kaseti, nyingi zikirekodiwa na kunakiliwa madukani, kama pale Mbwana Radio Service. Nakala ya nakala inapoteza sauti za juu kila hatua, na tepurekoda iliyochoka inazungusha polepole au haraka kuliko inavyotakiwa. Mwimbaji atatoka na koo ambalo si lake.

Nyimbo hizo zipe ngazi ndefu, zianze sekunde 2. Na hakikisha kaseti si moja tu katika orodha yenye nyimbo safi za kompyuta. Wachezaji watautambua mchakacho wa kaseti kabla ya muziki, na watataja wimbo pekee wa zamani wanaoutarajia. Rekodi za santuri za zamani, mfano zile alizoanza kurekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zina shida hiyo zaidi: mchakacho wake umefunika zile sauti nyembamba ambazo sikio lingezishika.

Tunacheza na jamaa walio Dubai na London. Nitume vipande vipi?

Usicheze kwa kupiga simu ya WhatsApp ukiweka spika karibu. Simu hizo zimetengenezwa kwa mazungumzo, na muziki zinaweza kuuona kama kelele za kufuta. Ujumbe wa sauti nao si mzuri sana. Tuma kipande kama faili, upande wa nyaraka, kifike kilivyo. Kanuni ya haki ni kila mtu ajibu kwa maandishi, muda wa jibu lake uonekane, na mchezeshaji asitoe jibu mpaka wote wamalize.

## Nyimbo za Pwani

Taarab ina utangulizi mrefu wa ala. Nikate wapi?

Utangulizi si kikwazo, ni hazina, ila lazima ujue unatafuta nini. Vikundi vya Mombasa vilikuwa na ala zinazojitambulisha. Tashkota, kinanda kidogo cha nyuzi chenye asili ya Japani, kina mlio mkali wa chuma usiochanganyika na kitu. Kwenye rekodi za Zuhura Swaleh, mlio huo pekee unatosha kumtaja mwenye wimbo. Lakini wimbo gani? Ala ile ile iko kwenye nyimbo nyingi za kikundi kile kile, kwa hiyo nusu sekunde ya utangulizi inampa mchezaji kikundi na kumwacha njiani.

Nifanyavyo mimi: ngazi ya kwanza nakata utangulizi, na jibu la kikundi linapewa pointi. Ngazi ya pili nakata silabi za kwanza za mwimbaji. Watu wazima wanapenda mpango huu, maana unaheshimu ujuzi wao wa kutofautisha wapigaji.

Nyimbo za chakacha na bango zinafanana mapigo. Si watachanganyikiwa?

Mapigo hayasikiki katika nusu sekunde, kwa hiyo hayatawachanganya. Kinachosikika ni ala. Bango ya Mzee Joseph Ngala ina saksafoni yake, na pumzi inayoingia kwenye saksafoni ni alama kama koo la mwimbaji. Chakacha ndiyo ngumu kidogo ukikata kwenye ngoma tupu. Ngoja waimbaji waitikie.

Tuni ni ya filamu ya Kihindi, maneno ni ya Juma Bhalo. Jibu lipi ni sahihi?

Mabishano haya yamevunja mechi zaidi ya moja. Juma Bhalo alisifika kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye mtindo na tuni za Kihindi, na Mombasa imejaa watu waliozijua zote mbili, wa kwenye kanda za filamu na wa Bhalo.

Rudi kwenye kanuni: tunatambua rekodi. Kama kipande kimetoka kwenye rekodi ya Bhalo, jibu ni Bhalo. Anayetaja filamu ametambua tuni, nalo si jambo dogo, lakini hajaitambua rekodi. Mpe nusu. Mchezeshaji naye awe mwadilifu: akate mahali ambapo rekodi inajitofautisha, yaani sauti ya Bhalo mwenyewe, asitegee watu kwa vinubi na harmoniamu ambavyo vyaweza kuwa vya popote. Kanuni hii inatosha pia kwa nyimbo mpya zilizochota kipande cha wimbo wa zamani.

Na wimbo mmoja wenye rekodi nyingi, kama "Jambo Bwana" au "Malaika"?

"Jambo Bwana" ni ya Them Mushrooms, bendi iliyokulia hapa Mombasa, na ilitoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M. wakaitoa kwa namna yao. Safari Sound Band nao wana yao, na bendi za hoteli kuanzia Diani hadi Malindi zimeiimba miaka yote. "Malaika" hivyo hivyo: Fadhili William, Miriam Makeba, Boney M. na wengine wengi.

Nyimbo hizi ni bora kwa wachezaji waliokomaa. Swali halibaki "wimbo gani?" bali "nani huyu?" Weka rekodi mbili za wimbo mmoja katika usiku mmoja, mbalimbali. Anayejibu haraka kwa mazoea ataingia mtegoni, na anayesikiliza atafaidi. Jina la wimbo bila mwimbaji ni nusu, kama kawaida.

Kundi letu lina Wapwani, wageni kutoka bara na vijana wa Bongo Flava. Nichague nyimbo gani?

Usichague unazozipenda wewe. Kila mchezaji akuandikie nyimbo anazodhani wote wanazijua, uchanganye, na kila orodha itoe idadi sawa. Nyimbo zilizopigwa sana Pwani FM na Baraka FM ni msingi mzuri. Nyota Ndogo, kwa mfano, huwaunganisha watu wa rika zote.

## Kanuni na mabishano

Pointi zihesabiwe vipi?

Mpango unaofanya kazi vizuri ni huu: milisekunde 300 pointi 5, nusu sekunde 4, sekunde 1 tatu, sekunde 2 mbili, sekunde 5 moja. Jina la wimbo na la mwimbaji yote yakipatikana, pointi kamili. Moja tu, nusu. Aina na miaka vikitajwa sawasawa kwenye ngazi ya kwanza, nusu pointi ya kutia moyo. Timu iliyokosea inanyamaza ngazi moja. Adhabu hiyo inazuia watu kumwaga majina.

Mtu ametaja maneno ya kiitikio badala ya jina la wimbo. Apewe?

Apewe. Nyimbo nyingi za taarab hujulikana kwa mstari wa kwanza, na kaseti mbili zaweza kuuandika wimbo mmoja kwa majina mawili. Ukitajwa bila utata, umetajwa.

Wimbo unaanza na sauti ya prodyuza akijitaja. Hiyo inaruhusiwa?

Ikate. Saini hiyo iko kwenye nyimbo nyingi za studio moja, kwa hiyo inampa mchezaji orodha ya kubahatisha wala haimpi wimbo. Anza mara inapoisha.

Watu hawatatumia Shazam, ile programu ya simu inayotambua nyimbo, kwa siri?

Kwa vipande vifupi hawatafika mbali. Shazam hutafuta vilele vya sauti katika rekodi, huviunganisha viwiliviwili kwa masafa na muda kati yao, kisha hulinganisha na hazina yake. Nusu sekunde ina vilele vichache mno, nayo inahitaji sekunde kadhaa. Hatari iko kwenye ngazi ya sekunde 5. Simu zote ziwekwe mezani kabla ya ngazi hiyo.

Hapa ndipo binadamu anaishinda mashine. Ukipiga wimbo wa jukwaani ambao haumo kwenye hazina yake, mashine haina la kusema, lakini shabiki atamjua mwimbaji wake.

## Mambo ya pembeni

Adhana ikiita? Na mwezi wa Ramadhani?

Adhana ikiita muziki unazimwa, hata duru ikiwa katikati, na duru hiyo inaanzwa upya kwa wimbo mwingine. Ramadhani familia nyingi huuweka mchezo kando mpaka Idi. Kisomo cha Qur'ani na adhana havitumiwi kamwe kama vipande vya kukisia, hata kama wachezaji wanawajua wasomaji kwa sauti. Si vitu vya mchezo.

Je, ninavunja sheria ya hakimiliki?

Ukicheza nyumbani na jamaa, hayo si maonyesho ya hadhara. Ukihamia mkahawani au ukumbini, mambo yanabadilika. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, muziki unaopigwa hadharani unahitaji leseni, na kwa kawaida mwenye mahali ndiye mwenye kuwa nayo. Muulize kabla hujatangaza. Na usidanganywe na maneno ya mitaani kwamba sekunde chache ni bure: sheria haitaji idadi yoyote ya sekunde zilizosamehewa.

Mzee wetu hasikii vizuri. Anaweza kucheza?

Anaweza, na ni makosa kumwacha nje. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti za juu, ndizo hizo zinazohitajika zaidi kwenye vipande vifupi sana. Asipotambua kwa milisekunde 300 si kwamba hajui nyimbo. Mwanzishie sekunde 2 kwa pointi zile zile, mkalishe karibu na spika, na asiwe na mtu wa kumsemesha wakati kipande kinapigwa.

Kuna wimbo ambao bibi anaukumbuka lakini rekodi yake haipatikani. Auimbe kwa mdomo?

Auimbe, na mumrekodi kwa simu akikubali. Ila huo ni mchezo mwingine, kwa kuwa hapo kinachotambuliwa ni tuni, si rekodi, na tuni inahitaji noti kadhaa. Msimpime kwa milisekunde. Aanze kwa kuguna bila maneno, kisha aongeze neno moja kila raundi, na pointi zipungue kwa kila neno. Duru hii iwekeeni karatasi yake, mshindi wake ahesabiwe peke yake.